Uko wa shirika gani?

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, mtu akifariki, mara nyingi wa kwanza kufika si ndugu zake. Ndugu wako Butembo, wako Minova, wako Kampala, na wengine njia imefungwa mbele yao. Wa kwanza kufika ni mama wawili watatu waliojifunga vitenge, mmoja kashika kaye, yaani daftari, iliyolika pembe, na wakishatoa pole swali lao ni hili: "Alikuwa wa shirika gani?"

Jibu lina uzito. Kwa jibu hilo itajulikana nani atalala kwenye kilio, nani atasonga bugali ya watu mia, nani atakwenda kwa paroko kuomba misa, nani atapatana bei na fundi wa majeneza, na nani atabaki na mjane siku ya kumi, wengine wote wakiwa wamesharudi makwao. Familia ikisema "hakuwa na shirika", utaona wale mama wanatazamana. Hawataondoka, hapana. Lakini kila jambo litachelewa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Mimi ni katibu wa shirika letu, kwenye mtaa (kartie) wa Mabanga Sud, kwa mwaka wa saba sasa. Kaye ya majina iko kwangu. Nataka kuandika juu ya kaye hiyo, kwa sababu naamini nguvu ya jumuiya zetu za Kikristo imo ndani yake, na kosa letu kubwa nalo limo humo humo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataniuliza shirika ni nini, maana kwao neno hilo ni la reli, la umeme, la ndege. Tunachoita shirika wao wanakiita jumuiya, jumuiya ndogo ndogo. Huku Kivu, shirika ni nyumba ishirini au thelathini za Wakatoliki wa avenyu moja au mbili zinazopakana. Wanakutana mara moja kwa juma, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule, wanasoma Injili ya Jumapili, wanaombea wagonjwa, wanachanga, wanapeana habari. Nani kajifungua. Nani kafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Mtoto wa nani hajaenda shule tangu muhula uanze.

Utaratibu huu haukuzaliwa wakati wa raha. Kongo ilipata uhuru Juni 1960. Kufika mwaka uliofuata Katanga na Kasai Kusini zilikuwa zimejitenga, Lumumba ameuawa, wamisionari wengi wameondoka. Mwaka huo huo wa 1961, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wakaamua kwamba maisha ya Kikanisa yajengwe juu ya jumuiya hai, ndogo kuliko parokia, badala ya kutegemea misheni yenye padri, shule na zahanati. Wenzetu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wa maaskofu wao, AMECEA, walifikia uamuzi wa namna hiyo katika mikutano ya 1973 na 1976. Nalitaja hili kwa sababu wengi wanadhani shirika ni nyongeza, kitu cha mama wenye muda. Limetokana na watu walioona kwamba kila kikubwa kinaweza kuanguka, wakajiuliza kitakachobaki ni nini.

Na sisi watu wa Goma tumeona vikubwa vikianguka. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na maelfu ya nyumba. Wakristo waliorudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, hawakukuta kanisa lao. Walikuta mawe meusi yanayofuka moshi. Lakini avenyu ambazo hazikuungua zilikuwa na watu, na watu wale walijuana kwa majina. Ibada iliendelea chini ya maturubai na kwenye viwanja vya majirani.

Niliyaelewa haya kwa mwili wangu mwaka 2021. Mlima ulipasuka tena Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, na siku tano baadaye, asubuhi ya Alhamisi, gavana akatangaza kwamba kartie kumi za mji zihame mara moja. Yetu ilikuwamo. Ardhi ilikuwa ikitetemeka kila baada ya dakika chache, kuta zimepata nyufa ambazo unaweza kupitisha kidole. Mimi nilikuwa nimeshafunga mlango, mke wangu yuko mbele na watoto, godoro liko juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, ya jirani. Hapo nikamwona kiongozi wa shirika letu, mzee wa miaka sitini na kitu, anatembea kinyume na watu wote. Alikuwa anarudi. Akanishika mkono akasema, "Mwandishi, lete kaye."

Tulipita nyumba kwa nyumba. Yeye anaita, mimi napiga alama. Nyumba ya tisa tulimkuta baba mmoja asiyeona, amekaa kitandani, amevaa koti lake la misa, amefunga vifungo vyote. Mtoto wa ndugu yake aliyekuwa anamtunza alikwenda kutafuta gari tangu alfajiri, hakurudi. Yule baba hakupiga kelele wala hakulia. Alisema tu, "Nilijua mtapita." Tulimpeleka hadi barabara ya Sake akiwa amekaa juu ya mizigo ya watu, kwenye lori lililokuwa na jina la Yesu ubavuni.

Maneno yale mawili, "nilijua mtapita", yamenisumbua kwa miaka. Alijuaje? Hatukuwa watu wema kuliko wengine. Wengi wetu tulikuwa tumeshatangulia na magodoro yetu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alijua kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa mahali, na kila Jumatano lilikuwa likisomwa, na akikosa watu walikuwa wakiuliza. Jioni ya siku ile, Sake, kwenye uwanja wa kanisa uliojaa watu mpaka barabarani, tulisoma majina sabini na moja. Waliojibu walikuwa hamsini na nane. Kumi na mmoja tulipata habari zao kwa simu kabla ya usiku wa manane. Wawili tuliwapata Jumapili.

Mahubiri mengi huzungumzia upendo kana kwamba ni moto wa moyoni: ukiwaka utamwona jirani, usipowaka hutamwona. Sidhani ni hivyo. Moyo unasahau, hasa ukiwa na njaa na woga. Jumuiya inayoshika watu ni ile ambayo imepanga mapema nani ataulizwa na nani. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinalisema waziwazi: Kanisa la kwanza kabisa, lile la Yerusalemu ambalo sote tunalisifu kwa kushirikiana kila kitu, liliingia katika manung'uniko kwa sababu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujibu kwa kuongeza hotuba ya upendo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Roho Mtakatifu na orodha vilikaa pamoja, na hakuna aliyeona aibu.

Kuna jambo lingine ambalo shirika linafanya, na katika mji kama wetu ni kubwa kuliko tunavyokiri. Mpaka wa shirika ni avenyu. Mituele za makabila, vile vyama vya kusaidiana, zina kazi yake na sizidharau. Zimezika watu wengi na kusomesha wengi. Lakini kwenye mituele unakutana na watu wa kwenu. Kwenye shirika unakutana na watu wa barabara yako, upende usipende. Katika kaye yangu wako Wanande, Wahunde, Washi, wako wanaosema Kinyarwanda nyumbani, yuko baba kutoka Kasai aliyeletwa na kazi akabaki. Vita vya nchi hii vimetufundisha kumsikiliza mtu lafudhi kabla ya kusikiliza anachosema. Jumatano saa kumi jioni, mtu ambaye redio imekufundisha kumwogopa anakuombea mtoto wako mwenye malaria, kwa jina. Sisemi kwamba hilo linaponya kila kitu. Nimeona mashirika yaliyonyamaza miezi mizima kwa sababu ya maneno ya kikabila. Hata hivyo sijui mahali pengine Goma ambapo watu hawa wanakaa benchi moja kila juma bila kulipwa usafiri.

Ndugu zetu Waprotestanti wamelijenga jambo hili kwa njia nyingine. Mtu wa CBCA, kanisa la Kibaptisti, au wa CEPAC, la Kipentekoste, anaweza kuvuka nusu ya mji kwenda kwenye kanisa analolipenda, na kinachomshika huko ni kwaya, kundi la mama, chumba cha maombi cha usiku. Joto lao katika kuomba sisi hatuna, nakiri. Na katika kukimbilia mgonjwa mara nyingi wanatutangulia, kama nitakavyoeleza.

Sasa nifike kwenye kosa.

Kaye yetu ina safu nne: jina, nyumba, mahudhurio, mchango. Mchango ni wa kila juma, kidogo tu, franka ambazo hata muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anaweza kuzipata. Pesa hiyo inalipia dawa, majeneza, daftari za yatima. Tangu mabenki ya mji yalipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia, sanduku hilo dogo limekuwa kwa watu wengine ndiyo benki pekee waliyobaki nayo. Mwalimu ambaye mshahara wake umekwama anakopa humo nauli. Noti zimechakaa mpaka inabidi uzishike kwa viganja viwili, lakini zinazunguka.

Kadiri sanduku lilivyozidi kuwa na maana, ndivyo safu ya nne ilivyozimeza zile tatu. Mtu wa shirika akawa ni mtu anayechanga. Hakuna aliyeamua hivyo. Ilikuja polepole, na mimi ndiye niliyekuwa naandika. Majina ya wenye madeni ya miezi sita tuliacha kuyasoma. Tulisema ni kuokoa muda.

Alikuwako dada mmoja aliyefika avenyu yetu Februari ya mwaka ule ule, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zilipovunjwa. Asili yake Masisi. Nyumbani kwao hakukuwa na cha kurudia, akapanga chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya mmoja wetu. Hakuwa na kadi ya ubatizo wala barua ya paroko wake wa zamani, kama ambavyo asingeweza kuwa nayo mtu aliyekimbia mara tatu katika miaka mitatu. Mume hakuwako, mimba ilikuwako. Alikuja Jumatano nne. Nyimbo zote alizijua, na sauti ya pili aliishika vizuri kuliko kwaya yetu. Nilimwandika kwa penseli, nikingoja barua.

Julai alijifungua kwa kupasuliwa. Deni likawa dola 180, na hospitali, kama zinavyofanya nyingi katika nchi hii, ikamzuia yeye na mtoto mpaka lilipwe. Habari ilitufikia Jumatano. Sanduku lilikuwa na dola 64. Mweka hazina wetu, mama mwaminifu ambaye hajawahi kupoteza hata franka hamsini ya mtu, alisimama akaeleza: huyu hajachanga, hajaandikwa kwa kalamu, hajaleta barua, na wako wajane wanne waliochanga miaka kumi ambao wanangoja. Tukimpa huyu, kesho nitawaambia nini wale? Wengine wakagusia suala la mimba isiyo na ndoa. Ikaonekana haifai kuendelea. Tulisali kwa ajili yake, tukafunga kwa Salamu Maria. Mimi sikusema neno. Niliona hoja ya mweka hazina ni ya haki, na hadi leo naona ilikuwa na haki ndani yake.

Dada yule alikaa hospitali siku kumi na tisa nyingine. Waliomtoa ni kundi la Wapentekoste wanaopita wodini kila Jumamosi kuwaombea wagonjwa. Nao hawakuwa na dola 180. Walileta chakula, walifua nguo za mtoto, wakaenda kwa msimamizi wa hospitali mara tatu, mmoja wao akaweka kitambulisho chake rehani na wakakubaliana kulipa kwa vipande. Leo anasali kwao.

Nimeichambua Jumatano ile mara nyingi kuliko injili yoyote. Kwanza nilidhani kosa lilikuwa la pesa. Halikuwa la pesa. Hata tungetoa sanduku lote, zingepungua dola 116. Kosa ni kwamba hatukwenda. Tulikuwa watu ishirini na sita chini ya lile turubai, hospitali iko mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na katika siku zile kumi na tisa hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwona. Tuliposema "hana haki ya sanduku", miguu yetu ilisikia "si mtu wetu".

Tatizo linaanzia hapa. Sisi sote ni watu wa likelemba. Tunaijua toka utotoni: watu kumi wanachanga, leo anachukua huyu, kesho yule, asiyeweka hachukui. Utaratibu huo ni wa haki na umelisha familia nyingi mjini kuliko mradi wowote wenye bendera. Uhai wake ni usawa. Akiingia asiyeweza kuweka, likelemba inakufa, na wanaoumia ni maskini wenzake. Mweka hazina wetu alikuwa anailinda likelemba, na alikuwa sahihi kuilinda. Shida ni kwamba tulikuwa tumebakiwa na likelemba tu. Shirika tulikuwa tumelitia ndani yake kama mtu anavyotia gunia la makaa ndani ya gunia jingine, likapotea, tukaendelea kuliita kwa jina lake.

Kuna watakaosema: ukifungua mlango kwa asiyechanga, wote wataacha kuchanga. Wanaosema hivyo wamekaa kwenye mashirika, si wajinga. Najibu kwamba mambo mawili yatenganishwe kweli kweli. Sanduku libaki na sheria zake kali, kwa sababu ni jasho la watu. Lakini kuulizwa ukikosa, kutembelewa ukilazwa, kusindikizwa kwa msimamizi wa hospitali ukiwa hujui Kifaransa chake, kukaliwa kilio: haya hayatoki kwenye sanduku, na mtu asiyalipie. Mama anayesema hana cha kutoa ana masikio ya kusikia kwamba jirani hajafungua mlango tangu jana. Na yule aliye nje ya ndoa ya kanisa ana suala lake na paroko kuhusu komunyo. Hilo lina mahali pake na silihukumu. Shirika halina komunyo ya kumnyima mtu. Lina benchi tu.

Ukaribu nao una hatari yake, nisiifiche. Avenyu inayojua kwamba hujatoka ndani tangu jana inajua pia nani alitoka kwako usiku. Nawajua vijana walioacha shirika kwa sababu ya midomo, na mama mmoja aliyeficha ugonjwa wake mwaka mzima ili usiombewe kwa sauti. Hapo dawa ni kiongozi anayejua kunyamazisha watu, na viongozi wa namna hiyo ni wachache.

Majilio yaliyopita nilipeleka pendekezo langu. Tulibishana majuma matatu. Mwishowe tukakubaliana kuwa na kaye mbili: moja ya sanduku, inakaa kwa mweka hazina na sheria zake zote, nyingine ya watu, inakaa kwangu, haina safu ya mchango, na inasomwa yote kila Jumatano hata kama mvua inaingia. Ya kwanza ina majina sitini na manane. Ya pili imefika mia moja na nne, maana tulipopita nyumba kwa nyumba tuligundua watu tuliokuwa tumekaa nao ukuta kwa ukuta bila kuwaandika. Kusoma majina kunachukua dakika tisa. Wapo wanaolalamika. Mweka hazina, aliyepinga mpaka juma la mwisho, ndiye aliyenunua kaye ya pili.

Januari nilimtafuta dada yule wa Masisi. Nilimkuta anauza sombe, majani ya muhogo, karibu na kituo cha mapikipiki, mtoto mgongoni. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya Julai, kwa jina langu kwanza, kisha kwa jina la shirika. Alinisikiliza akiendelea kufunga mafungu yake. Alisema atabaki kule walikomtoa, na nilijua asingesema vingine. Nikamwuliza kama ataniruhusu kuliacha jina lake kwenye kaye ya watu, kwa kuwa bado anakaa avenyu yetu. Akafikiri. Akasema niandike na la mtoto, kwa kalamu, akanitajia herufi moja moja ili nisikosee.